Siki Kabatini: Namna Michoro ya Filamu za Katuni Inavyookolewa

Mwaka 1943 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu fupi ya katuni kuhusu malaria, The Winged Scourge. Gharama zilibebwa na serikali ya Marekani, na walimu wa filamu hiyo ni wale mbilikimo saba wa Snow White, wakipambana na mbu. Ndivyo zilivyokuwa filamu za kufadhiliwa: mwenye ujumbe analipa, wachoraji wanachora, mtazamaji anaona bure. General Electric ililipia A Is for Atom mwaka 1953. Miaka mitatu baadaye chama cha kampuni za mafuta cha Marekani kikalipia Destination Earth. Mwaka 1959 ikaja Rhapsody of Steel ya US Steel, yenye muziki wa Dimitri Tiomkin na mkono wa mchoraji Eyvind Earle. Zote tatu zilitoka studio moja, ya John Sutherland.

Filamu zenyewe zimesalia, kwa kuwa nakala zilisambazwa mashuleni na viwandani. Rick Prelinger alizikusanya kwa miaka mingi, na mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani ikachukua mkusanyiko wake. Habari ya michoro iliyopigwa picha kutengeneza filamu hizo ni nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Tuanze na hesabu. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, hivyo dakika kumi ni picha 14,400. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, kama ilivyokuwa desturi, bado ni hatua 7,200, na hatua moja huweza kuhitaji michoro kadhaa iliyopandanishwa. Mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu ya plastiki, ambayo mafundi huiita seli. Rangi ilipakwa upande wa nyuma, ili mbele ionekane bapa, bila alama ya brashi, na mstari wa wino ubaki juu yake. Kisha seli ililazwa juu ya mandhari iliyochorwa kwenye ubao wa karatasi, ikapigwa picha, kazi ikaisha. Nyingi zilioshwa zitumike tena, au zikatupwa. Nani angeweka akiba ya michoro ya tangazo la chuma?

Zilizobaki zina adui ndani yake. Seli za zamani zilikuwa nitrati ya selulosi, plastiki inayoshika moto upesi. Iliyofuata, asetati ya selulosi, ilisifiwa kuwa salama, lakini huoza kwa njia yake: joto na unyevu huifanya itoe asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza kunakotoa asidi zaidi. Plastiki hujila yenyewe. Dalili ya kwanza huja puani, harufu ya siki. Baadaye kilainisho kilichochanganywa humo hutoka, seli inasinyaa, inajikunja kama jani kavu. Na rangi ya nyuma, iliyochanganywa kwa ulimbo wa mgunga na gliserini, haisinyai kwa kiasi kilekile. Plastiki inavuta huku, rangi inang'ang'ania kule, mwishowe rangi inaachia na kubanduka.

Hapa mhifadhi yuko njia panda. Hewa kavu huchelewesha kuoza kwa plastiki, lakini hukausha ulimbo na kuipasua rangi. Akiongeza unyevu rangi inatulia, siki inachacha. Kwa muda mrefu mafundi wa soko la michoro walikata shauri kwa njia ya mkato: walifuta rangi iliyopasuka wakapaka mpya. Kwangu mimi huko si kuokoa mchoro. Anayenunua seli ya namna hiyo ananunua kazi ya fundi wa juzi juu ya plastiki ya zamani.

Njia bora ilitoka kwenye ushirikiano wa Taasisi ya Uhifadhi ya Getty na hazina ya michoro ya Disney, ulioanza mwaka 2009. Watafiti walipima plastiki na rangi za miongo tofauti, kisha wakageuza udhaifu wa rangi kuwa dawa yake. Kwa kuwa ulimbo na gliserini hupenda maji, seli huwekwa ndani ya chombo kilichofungwa na unyevu wa hewa hupandishwa taratibu. Hakuna gundi mpya inayoongezwa, wala kiyeyushi. Rangi inalainika, inajilaza, inashika tena plastiki kwa nguvu ya ulimbo wake yenyewe. Halafu unyevu hushushwa polepole vilevile. Kinachorudi mahali pake ni rangi iliyopakwa na mkono wa asili.

Ufundi huo hauponyi plastiki iliyokwisha kuoza. Ndiyo maana uchunguzi wa mapema una thamani zaidi kuliko matibabu. Taasisi ya Image Permanence ya Rochester hutengeneza vipande vidogo vya karatasi ya buluu ambavyo, vikifungiwa na asetati inayooza, hugeuka kijani na hatimaye njano. Seli iliyogeuza rangi ya kipande hutengwa na nyingine, hupewa hewa, huhifadhiwa kwenye ubaridi. Fremu ya kioo iliyozibwa kabisa ni gereza: hufungia mvuke wa asidi pamoja na mchoro.

Msomaji, asetati hiyohiyo ndiyo iliyobeba negativu nyingi za picha na kanda nyingi za sauti za enzi hizo, zikiwemo zilizoachwa na studio za picha na stesheni za redio za mwambao wetu, penye joto na unyevu. Kama kwenu kuna kopo la negativu za babu, lifungue leo unuse. Ukipata harufu ya siki, zitoe koponi, zitenge na nyingine, zifunge kwa karatasi isiyo na asidi, kisha zipigwe skani kabla hazijajikunja.