Nani Aambiwe? Ulinzi wa Mwanafunzi katika Vitabu Vyetu

Msomaji kijana, umefundishwa kwamba kazi ya mhakiki ni kupima kitabu kwa maudhui yake, wahusika wake, lugha yake na muundo wake. Mafundisho hayo ni ya kweli, nami siyapingi, kwa kuwa ndiyo ninayoyafundisha kila siku. Lakini kipo kipimo kingine ambacho karatasi ya mtihani huuliza kwa nadra. Kipimo hicho ni hiki: katika kisa hiki, nani alikuwa dhaifu, na nani alipaswa kumlinda? Kitabu kikipimwa hivyo, huonyesha mambo ambayo muhtasari wa kurasa nne hauwezi kuyaonyesha.

Kipimo hiki sikukipata chuoni. Nilipewa na mwanafunzi. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei ambayo ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE tangu mwaka 2018 hadi 2022. Tulikuwa tumefika kwa Zohali, msichana aliyepata mimba akiwa kidato cha pili, akaacha shule na kuonja maisha ya mitaani. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, asiyezoea kusema, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, Zohali angemwambia nani?" Nilitazama saa. Mtihani ulikuwa karibu na dhamira zilizosalia zilikuwa nyingi. Nikamjibu kwamba swali lake ni zuri na kwamba tutalirudia. Hatukulirudia. Baada ya majuma mawili deski lake lilikuwa tupu, na siku nyingi zikapita kabla sijafahamu kwamba swali lile halikuwa la Zohali hata kidogo. Nasimulia jambo hili kwa aibu, ili ujue kwamba makala haya yameandikwa na mtu mwenye deni.

Sisi wa Kanduyi, tuishio pale magari ya Malaba na ya mjini Bungoma yanapoachana, hupenda kuona kwetu kukitajwa vitabuni. Ken Walibora, mwandishi aliyefariki mwaka 2020, aliifikisha safari ya Kongowea Mswahili hadi Kitale katika Siku Njema, na hakuna darasa nililolifundisha riwaya hiyo ambalo halikutabasamu lilipofika hapo. Lakini kabla ya Kitale kulikuwa na Tanga, na Tanga kulikuwa na mtoto aliyefiwa na mama akabaki chini ya ulezi wa watu ambao baadhi yao hawakumpenda. Tunashangilia jina la mji wetu, na yule yatima tunampita upesi. Basi tusome polepole zaidi. Nitachukua vitabu vitatu vya nyakati mbalimbali, na kila kimoja nitakiuliza swali la yule msichana.

Cha kwanza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe, na baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali. Siku moja Rosa anapata barua ya mapenzi kutoka kwa kijana aitwaye Charles, na baba anapoigundua anampiga kipigo kikubwa. Wanafunzi wengi huandika kwamba kipigo hicho kinaonyesha ukali wa wazazi. Naam, lakini kinaonyesha zaidi ya hapo. Rosa hakutenda ovu lolote. Aliandikiwa barua tu. Alichojifunza siku ile ni kwamba jambo la namna hiyo likijulikana kwa mkubwa, malipo yake ni fimbo. Somo hilo lilimwingia, na halikumtoka tena.

Rosa anakwenda shule ya bweni Mwanza. Huko anajitenga na wanaume kwa hofu, na watu wazima wanaichukua hofu hiyo kuwa ni adabu. Kisha anatokea Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu mwenye cheo na ulimi laini, naye anamhadaa. Sasa uliza: Rosa angemwambia nani? Baba yake alikwisha kuufunga mlango ule kwa fimbo. Baadaye anaingia chuo cha ualimu Morogoro, na hapo mambo yanazidi kuwa mabaya, kwa kuwa miongoni mwa wanaume wanaohusiana naye yumo mkuu wa chuo mwenyewe. Ofisi ambayo ingepokea malalamiko ya mwanafunzi imekuwa chumba cha kosa. Mchungaji akila kondoo, kondoo atamlilia nani?

Kezilahabi aliyaona haya yote mapema, na ushujaa wake wastahili kusifiwa. Lakini mhakiki hapaswi kusifu tu. Naona kasoro moja kubwa katika riwaya hii. Jicho la msimulizi lamfuata Rosa kila aendako na kuhesabu kila kosa lake, na laitafuta sababu nyumbani kwa Zakaria. Mkuu wa chuo halimfuati kwa ukali ule ule. Msomaji afunga kitabu akijua sana namna Rosa alivyoharibika, na akijua kidogo mno namna mtu aliyepewa dhamana ya chuo kizima alivyoivunja dhamana hiyo. Mwisho wa Rosa ni kifo cha kujitakia, na kitabu kinaipeleka kesi hadi mbele za Mungu. Mimi ningependa kesi hiyo ianzie hapa duniani, mbele ya bodi ya chuo. Mwanafunzi na mkuu wake hawasimami sawa: mmoja ameshika kalamu ya kupitisha na kuangusha, na mwenzake anangoja alama. Mahali kama hapo neno "kukubali" hupoteza maana yake.

Yafaa pia ukumbuke lililokipata kitabu chenyewe. Nchini Tanzania Rosa Mistika kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na baadaye kikaruhusiwa, hata kikaja kusomwa darasani. Waliokizuia walidhani wanawalinda vijana. Nia yao naiheshimu, lakini hoja yao naikataa. Msichana aliyehadaiwa hakuhadaiwa na kitabu. Kitabu kilipoondolewa rafuni, Deogratias hakuondolewa kijijini. Kilichoondolewa ni maneno ambayo kwayo msichana angeweza kulitaja lililompata. Walimfanyia msomaji jambo lile lile ambalo Zakaria alimfanyia Rosa: waliliadhibu neno na kuliacha tendo.

Kitabu cha pili ni Chozi la Heri, nilichokwisha kukitaja. Hapa Matei anafanya jambo ambalo Kezilahabi hakulifanya. Anawakusanya wanafunzi shuleni, akina Umu, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, na kila mmoja anawasimulia wenzake masaibu yake. Umu ameachwa na mama na kufiwa na baba. Chandachema ni mtoto wa mwalimu na mwanafunzi wake, naye amelelewa na nyanya. Huyo Chandachema namwona kuwa mhusika mwenye maana kuu katika mazungumzo hayo. Kosa la mwalimu mmoja halikuishia kwa msichana aliyeacha masomo. Lilizaa mtoto aliyekua akitafuta mahali pa kuegemea. Mwandishi hakuhubiri. Aliwaketisha mezani dhuluma na matunda yake, akanyamaza.

Uzuri wa sehemu hii ni kusikilizana. Hakuna anayemcheka mwenziwe, na kila asimuliaye huondoka na mzigo mwepesi kuliko aliokuja nao. Walakini hapa pia nina neno. Simulizi hizi zinabaki zaidi kati ya watoto kwa watoto. Rafiki wa kidato chako aweza kukupa bega la kulilia, lakini hana mamlaka ya kumzuia mtu mbaya asirudi. Riwaya imelijibu nusu tu la swali la mwanafunzi wangu. Zohali aliwaambia wenzake baada ya dhoruba kupita; nani angeambiwa dhoruba ikiwa bado inakuja?

Kazi ya tatu ni hadithi fupi, "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Sara, mwanafunzi, ananajisiwa na mtu asiyemjua akirudi nyumbani usiku kutoka masomo ya ziada. Kisha anagundua kuwa ni mjamzito. Hadithi yote ni hofu yake. Anaogopa hasira ya baba, anaogopa kufukuzwa shule, anaogopa macho ya wenzake na ya jirani. Ghassany ametumia ufundi wa kuyaonyesha mambo hayo akilini mwa Sara kabla hayajatokea, hata msomaji anateseka pamoja naye kwa adhabu ambazo hakuna aliyezitoa. Na hapo ndipo ilipo hoja ya hadithi: Sara hakuwa na kosa hata chembe, lakini yeye ndiye aliyejificha, na mkosaji akatembea njiani. Jamii ilikuwa imemfundisha kuogopa kabla haijamtendea lolote.

Labda wewe msomaji utasema: haya ni ya vitabuni. La. Usiku wa tarehe 13 Julai mwaka 1991, katika shule ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana wa shule yao. Wasichana 19 walikufa, na wengine wengi walinajisiwa. Tukio lile liliitikisa Kenya nzima. Shule ikageuzwa kuwa mahali pa hatari kubwa kuliko barabara ya usiku aliyoipita Sara, na wale waliopaswa kuwa ndugu wakawa adui. Mtu akikuambia kwamba habari za usalama wa wanafunzi si jambo la fasihi, mkumbushe kwamba waandishi walianza kuonya miaka 20 kabla ya usiku ule.

Tangu hapo sheria zimeandikwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inamtaja waziwazi mwalimu na mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, na kifungo chake si chini ya miaka 10. Waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayepata habari za dhuluma hizo azipeleke kwa wakubwa katika muda wa saa 24, na anayeficha naye ahesabiwe mkosaji. Msichana aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi shuleni Kenya, na Tanzania nayo ilifungua mlango huo mwaka 2021. Kama Rosa angeishi leo, mkuu wa chuo chake angekuwa na mengi ya kuogopa. Lakini sheria haina masikio. Husubiri mtu aseme, na mtu husema panapokuwa na wa kumsikiliza.

Wako walimu na wazazi watakaoninung'unikia. Watasema kwamba kuyazungumza haya mbele ya vijana ni kuwafungua macho kabla ya wakati, na kwamba adabu ni kunyamaza. Nawaheshimu, wengine wao ni wakubwa wangu. Lakini nawaomba wapime. Rosa alinyamazishwa, na ukimya haukumwokoa. Sara alinyamaza, na ukimya ukawa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Adabu ni kumstahi mtu. Kumwacha mtoto peke yake na siri ya mkosaji hakumstahi yeyote ila mkosaji. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nalipa deni langu. Nani aambiwe? Kama nyumbani yuko mzazi, shangazi au nyanya akusikilizaye bila kuinua mkono, anza na huyo. Shuleni yuko mwalimu wa ushauri, na kama yeye au mkuu ndiye mkosaji, usidhani njia imekwisha: iko ofisi ya watoto ya serikali, liko dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na iko simu ya watoto, namba 116, isiyodai hata senti moja. Ukiambiwa "haikuwa kitu", mwambie mtu wa pili; na wa pili akikupuuza, mwambie wa tatu. Na kama wewe ndiwe uliyeambiwa na rafiki, usimlaumu, usiisambaze siri yake bwenini, wala usiibebe peke yako. Fuatana naye hadi kwa mkubwa wa kuaminika. Hilo ndilo ambalo akina Umu walihitaji mwenza wa kuwafanyia.

Nawe utakapoandika insha yako juu ya vitabu hivi, eleza dhamira, taja tamathali, chambua wahusika, kwa kuwa alama zako zimo humo. Kisha, kabla ya kufunga kitabu, kiulize kwa sauti ya chini swali la yule msichana wa safu ya nyuma. Deski lake bado liko darasani mwangu, na mwanafunzi mwingine analikalia sasa. Kila ninapoinua macho kutoka kitabuni, kwanza huangalia kama ameinua mkono.