Kabati la Kioo na Lugha ya Kazini: Tathmini ya Hoja ya John Browne

Kitabu cha John Browne, The Glass Closet, kilichotolewa mwaka 2014, kinatetea hoja moja: kwamba mfanyakazi mpenzi wa jinsia moja anayejiweka wazi kazini hujinufaisha yeye mwenyewe na shirika lake pia. Browne anaijenga hoja hiyo juu ya yaliyomfika. Aliiongoza kampuni ya mafuta ya BP tangu mwaka 1995 huku akiificha hali yake. Mei 2007 alijiuzulu, baada ya uhusiano wake na mwanamume kufichuliwa na yeye kukiri kwamba aliidanganya mahakama kuhusu namna walivyokutana.

Nguvu ya kitabu imo katika ushuhuda huo. Browne anaeleza kwamba mama yake, aliyenusurika Auschwitz, alijua gharama ya kutambuliwa kuwa miongoni mwa wachache. Hofu ya aina hiyo haiondolewi na sheria peke yake. Kanuni za Uingereza zinazokataza ubaguzi kazini kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi zilianza kutumika Desemba 2003, naye akaendelea kunyamaza kwa zaidi ya miaka mitatu.

Udhaifu wa kitabu umo katika istiara yake. Kabati lina mlango; atokaye ametoka. Kazini, kila mfanyakazi mgeni, kila mteja na kila swali la Jumatatu kuhusu mapumziko hurudisha uamuzi uleule, na uamuzi huo hufanywa kwa lugha. Msemaji wa Kiingereza anapomtaja mwenzi wake hudaiwa kiwakilishi cha kiume au cha kike, la sivyo akwepe. Msemaji wa Kiswahili husema "mwenzangu alisafiri" bila kufichua wala kudanganya. Hata hivyo, kinachositiriwa na kiambishi cha nafsi hudaiwa na kitenzi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Anayeulizwa "Umeoa?" hutarajiwa kujibu "Bado". Hilo ni jibu la adabu, lakini linaahidi ndoa asiyoikusudia.

Jambo hili lina uzito kwa washauri wa sera. Nchini Uganda, ambako sheria ya mwaka 2023 imeweka kifungo cha maisha kwa tendo la ngono la jinsia moja, hoja ya faida ya shirika haimfai mfanyakazi. Anachohitaji kwanza ni kutolazimishwa kujibu. Fomu ya ajira inayomtaka achague "ameoa" au "ameolewa" humwuliza jambo lisilohusiana na kazi anayoomba. Pale ambapo mwajiri anahitaji jina la mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura, jina latosha. Browne anamhimiza mfanyakazi aseme. Swali ambalo kitabu chake hakijalipa uzito unaostahili ni nani anayemlazimisha kusema, na kwa maneno gani.