Pongezi kwa Waongozaji wa Budadiri
Hapa Nkoma, mjini Mbale, tunaamka tukitazama majabali ya Wanale, ambayo ni mkono mmoja tu wa Mlima Elgon, Masaba wa Wagisu. Kilele cha juu cha Elgon, Wagagai, kina mita 4,321. Kilele cha Margherita cha milima ya Rwenzori ni kirefu zaidi, lakini mlima wetu ni huu, na pongezi zangu ni za waongozaji na wapagazi wa Budadiri.

Njia ya kupanda mlima iitwayo Sasa huanzia kwao Budadiri. Ni fupi kuliko zile za Piswa na Sipi, tena ni kali: mashamba ya kahawa na migomba, ngazi kwenye majabali ya Mudangi, msitu wa mianzi, hadi kambi ya mto Sasa, mita 2,900. Mpagazi hufika na mzigo wako, kisha huwasha moto. Mwongozaji yeye husikiliza unavyopumua. Akiona kichwa kinakuuma na hatua zinayumba, anakushusha, hata kama kilele kimekaribia. Uamuzi huo nauheshimu kuliko yote, maana mgeni aliyelipia safari hapendi kuambiwa arudi.  Na wageni wajao wasibishane na wapagazi kuhusu bei ya mzigo.