Jim Bouton: Shajara ya Mtu wa Benchi

Vitabu vingi vya wanamichezo huandikwa kombe likishaingia kabatini. Ball Four cha Jim Bouton, kilichotoka 1970, kimeandikwa na mtu aliyekuwa akishuka ngazi. Ndiyo maana nakirudia, mimi ambaye besiboli nimeiona kwenye filamu zaidi kuliko uwanjani.

Mwaka 1963, akiwa New York Yankees, Bouton alishinda michezo 21. Mwaka uliofuata alishinda 18, na mingine miwili kwenye World Series. Alirusha kwa nguvu hadi kofia ikawa inamdondoka kichwani. Kisha mkono ukagoma. Mwaka 1965 alishinda 4, akapoteza 15. Kufikia 1969 yuko Seattle Pilots, timu mpya iliyodumu msimu mmoja tu kabla ya kuhamia Milwaukee, na sasa ni mrushaji wa akiba: anakaa pembeni ya uwanja akipasha mkono moto, anaitwa mwenzake akizidiwa. Usimfananishe na straika anayetoka benchi, akafunga, akabebwa juu juu. Huyu mara nyingi anaingia timu imeshachapwa, amalizie siku. Silaha yake ni mpira mlegevu unaoshikwa kwa ncha za vidole ili usizunguke. Ukitoka vizuri unayumba hewani, hata mdakaji wake hajui unaelekea wapi. Ukitoka vibaya, unapigwa mpaka jukwaani.

Msimu ule alitumika katika michezo 73, huku akiandika vijikaratasi na kujirekodi kwenye kinasa sauti. Mwandishi wa habari za michezo, Leonard Shecter, akamsaidia kuvipanga kuwa kitabu.

Kwangu mimi nguvu yake iko kwenye umbo. Anayeandika tawasifu anajua mwisho wa hadithi, kwa hiyo kila kushindwa anakugeuza somo. Mwenye shajara hana ujanja huo. Aprili Bouton anateremshwa ligi ya chini, Vancouver. Agosti anahamishiwa Houston. Na kila asubuhi anaandika bila kujua kesho ataamkia wapi. Kocha wake wa warushaji, Sal Maglie, alikuwa shujaa wake wa utotoni. Kumwona shujaa huyo akigeuka mzee mgumu asiyemwelewa kunachekesha, halafu kunauma. Na kuna pesa. Mshahara wake ni dola 22,000 kwa mwaka, na mkataba unamfunga kwa klabu kama ng'ombe wa zizi moja mpaka klabu yenyewe iamue kumuuza. Kurasa za kuombana nyongeza na mabosi naziona bora kuliko za mchezo wenyewe.

Kelele zilikuja kwa sababu nyingine. Alieleza ulevi wa Mickey Mantle na vidonge vya kuchangamsha vilivyomezwa kabla ya mechi. Kamishna Bowie Kuhn akamwita ofisini, akimtaka akane aliyoyaandika. Pete Rose alimtukana kutoka benchi akimwita Shakespeare (kama tusi, si baya sana bwana). Wengi walisema amesaliti kambi. Mimi nakula kwa kuandika habari za watu, na hoja hiyo hainishiki: waliochukia hawakusema ameongopa, walisema amesema.

Kinachonisumbua ni kingine. Wachezaji wanachungulia wanawake hotelini na hata majukwaani, na Bouton anasimulia yote kama utani wa vijana. Jicho lililomchambua kila bosi hapo linasinzia. Wake za wachezaji wanapita pembezoni mwa kurasa wakifungasha mizigo.

Mwaka 1983 walijibu. Bobbie Bouton, aliyekuwa mkewe, aliandika Home Games pamoja na Nancy Marshall, aliyekuwa mke wa Mike Marshall. Huyo Marshall alikuwa Seattle pamoja na Bouton, na mwaka 1974 akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kupewa tuzo ya Cy Young, baada ya kuingia michezo 106. Home Games hakina ucheshi wa Ball Four, lakini nashauri visomwe pamoja. Baadhi ya vichekesho vya kile cha kwanza havitakuchekesha tena.

Bouton mwenyewe alirudi 1978, na umri wa miaka 39, akaishindia Atlanta Braves mchezo mmoja. Alifariki 2019. Kama huna muda wa kitabu kizima, anza na siku zile za Vancouver.