Subira Iliyomo Katika Singa ya Mkonge

Ukishuka kutoka Zirai na Amani, ukaacha nyuma iliki na mikarafuu, Usambara Mashariki inaishia kwenye tambarare za Muheza, mkoani Tanga, na hapo mashamba ya mkonge yanaanza. Singa inayotoka humo, yaani nyuzi za majani yake, ndiyo inayosokotwa kamba na kufumwa magunia na mazulia. Kabla haijafika kwenye mashine ya kusokota, hupita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono unaweza kuiokoa au kuiharibu.

Mmea wenyewe umepatikana kwa subira. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Baadaye watafiti wa Mlingano, hapo hapo Muheza, walitumia mkonge uliogunduliwa Amani kuzalisha chotara namba 11648, ambao hutoa majani mengi zaidi katika uhai wake kuliko mkonge wa kawaida.

Mkataji huanza alfajiri, jua likiwa bado pole. Kabla ya kukata, hutazama. Yanayotakiwa ni majani ya chini, yaliyokomaa. Ya juu, ishirini na ushee, huachwa ili mmea uendelee kukua. Akizidisha, mmea hudhoofika na majani yajayo huwa mafupi. Kisu hupita karibu na shina kwa pigo moja, na pigo jingine huondoa mwiba wa ncha. Majani 30 hufungwa tita moja, vitako vyote upande mmoja. Tita lililofungwa ovyo litamsumbua mtu mwingine saa chache baadaye.

Jani lililokatwa halina muda wa kungoja. Likinyauka, nyama yake hugandamana na singa, kwa hiyo hupelekwa haraka korona, kama watu wa mashambani wanavyouita mtambo wa kuchakata mkonge. Wapangaji husimama kando ya mkanda, wakafungua matita na kulaza majani sambamba. Ngoma yenye vyuma butu hukwangua nusu ya jani, kisha minyororo hushika upande uliosafishwa, na ngoma ya pili humaliza upande uliobaki, maji yakisukuma makapi. Katika kilo 100 za majani, singa hupatikana kilo 4 hivi. Majani yakirundikana, ya katikati hutoka na nyama ya kijani; yakiachana mno, mtambo unazunguka bure. Mtambo hauwezi kupima hilo. Hupimwa na viganja vya mpangaji, asubuhi nzima, bila kuinua macho.

Singa mbichi hutoka nzito, ikichuruzika maji. Waanikaji huikung'uta, wakaichanua kwa vidole na kuitandaza juu ya nyaya katika tabaka jembamba, kama mtu anayeanika nywele zilizooshwa. Jua huing'arisha, mvua huitia madoa. Ndiyo maana mwanikaji mzuri husoma mawingu yanayotoka mlimani huku mikono yake ikiendelea kugeuza. Hata siku ikiwa imekwisha, haondoi singa yenye unyevu, kwa sababu ikifungwa hivyo huvunda.

Kisha huja brashi. Mfanyakazi hushika konzi ya singa kwa nguvu, akaingiza ncha moja kwenye ngoma inayozunguka, akaivuta, akaigeuza na kuingiza ncha ya pili. Vumbi na mabaki ya nyama hutoka. Nyuzi fupi huanguka chini na kukusanywa, nazo zina soko lake. Akiacha konzi ilegee, ngoma humnyang'anya singa ndefu. Akiibana sawasawa, inarudi laini, imenyooka, ya rangi ya maziwa.

Mezani, mchambuzi hupitisha kiganja kutoka kitako hadi ncha. Anatafuta urefu, rangi, mafundo na mabaki. Singa safi inayofikia sentimita 90 yaweza kuingia daraja la 3L. Isiyotimiza masharti ya madaraja ya juu huenda UG. Uamuzi huchukua muda mfupi sana, lakini umejengwa kwa miaka ya kugusa. Baada ya hapo shindilio hukandamiza singa kuwa robota la kilo 250, tayari kwa kiwanda cha kusokota au meli.

Kiwanda cha kusokota hakiwezi kurudisha urefu uliopotea kwenye brashi wala kufuta doa la mvua. Ubora wa kamba huamuliwa shambani, kwenye mkanda, kwenye nyaya na mezani. Anayetaka mkonge wa Tanga upate bei ya juu katika soko la dunia na aanze na mkataji, mpangaji, mwanikaji, mpiga brashi na mchambuzi: awape muda wa kuifanya kazi ipasavyo, na awalipe kwa kadiri ya ujuzi wao.