Onyesho, Igizo na Kisa: Istilahi za Kunadi Bidhaa za Kampuni Chipukizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imetufaa kwa muda mrefu, maana mnunuzi wa embe au wa kitambaa huiona bidhaa kwa macho yake na kuipapasa kwa mikono yake kabla ya kufungua mkoba. Lakini katika miaka ya karibuni imezuka kazi ambayo msingi wake wote ni kuipinga methali hiyo. Ni kazi ya kuinadi bidhaa ya kampuni iliyoanzishwa karibuni, mbele ya watu wenye fedha au wenye mamlaka ya kununua, kwa dakika chache, kwa njia ya onyesho na masimulizi. Kazi hiyo imetujia na msamiati wake, na wafasiri wetu wamejitahidi kuupatia maneno ya Kiswahili. Katika makala haya tunakusudia kuyapima matatu kati ya maneno hayo, yaani "onyesho", "hadithi" na "kampuni changa", ili tuone kama yanazibeba dhana zinazokusudiwa au yanazificha.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la wafanyabiashara liwashughulishe watu wa lugha. Tutamjibu kwa mfano. Mmoja wetu aliwahi kualikwa katika kikao cha ofisi moja ya umma, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ambako kampuni moja ilileta programu ya kutunzia kumbukumbu za masjala. Picha zilipita ukutani moja baada ya nyingine, majalada yakafunguka na kufungika, na msemaji akasimulia kwa ufasaha habari za karani aliyekuwa akitafuta jalada kwa siku tatu na ambaye sasa hulipata kwa kufumba na kufumbua. Mkuu wa masjala akaomba lifunguliwe jalada moja jipya, papo hapo, kwa jina atakalolitaja yeye mwenyewe. Akajibiwa kwamba sehemu hiyo ingekamilika baadaye. Hata hivyo, muhtasari wa kikao uliandikwa hivi: "Mfumo ulionyeshwa na wajumbe wakaridhika." Malipo ya kwanza yalitolewa kwa nguvu ya sentensi hiyo, na hadi mkataba ulipovunjwa hakuna jalada jipya lililowahi kufunguliwa katika mfumo ule.

Katibu wa kikao hakusema uongo. Mfumo kweli "ulionyeshwa". Kasoro ilikuwa kwamba neno alilokuwa nalo lilibeba mambo mawili yasiyofanana, yaani kitu kinachofanya kazi na picha ya kitu kinachofanya kazi.

Dhana yenyewe

Ili tuipime istilahi ni lazima kwanza tuijue dhana. Mwaka 1854, katika maonyesho yaliyofanyika katika jumba la Crystal Palace mjini New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti lililoinuliwa mbele ya watu, kisha akaamuru kamba iliyolishikilia ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, breki yake ya usalama ikalizuia. Hakuhitaji hotuba ndefu. Hofu iliyowazuia watu kupanda lifti ilikuwa ni kukatika kwa kamba, naye aliikata mwenyewe huku amesimama juu yake.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mtafiti Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wapatao 1,000, kwa muda wa dakika 90, namna mpya ya kutumia kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa Menlo Park, kiasi cha kilomita 48 kutoka ukumbini. Watu wakaona kipanya kikitumika, maandishi yakihaririwa kiooni, na watu wawili walio mbali wakifanyia kazi waraka mmoja huku wakitazamana. Hapa pana jambo la kuzingatia: katika kueleza mambo hayo mageni, Engelbart alitumia orodha ya vitu vya kununua njiani anaporudi nyumbani. Aliyaeleza yasiyojulikana kwa kutumia linalojulikana na kila mwenye mke na kikapu. Hakuwa mfanyabiashara, lakini wanaonadi bidhaa za kompyuta hata leo humhesabu kuwa mwalimu wao.

Tunaona basi kwamba dhana hii ina nguzo mbili. Ya kwanza ni kitu chenyewe kutenda kazi mbele ya mashahidi. Ya pili ni maelezo yanayokifunga kitu hicho na haja ya mtu. Nguzo moja ikikosekana, mtazamaji ama ataondoka na mshangao bila kujua kitu kile kitamfaa nini, ama ataondoka na hamu ya kitu kisichokuwapo.

Onyesho, udhihirisho na igizo

Neno "demo" limekwisha kuingia katika mazungumzo ya vijana wa mjini, na wapo wanaopendekeza litoholewe kama lilivyo. Hatuliungi mkono. Mbali na kwamba linakaa jirani mno na neno la mitaani ambalo vijana humwitia msichana, halimsaidii msikilizaji kujua anachotazama. Wengi basi wamechagua "onyesho". Neno hili ni zuri na lina asili safi, lakini limekwisha kubebeshwa mizigo mingi: onyesho la mavazi, onyesho la muziki, Maonyesho ya Sabasaba. Yote hayo ni ya kutazamwa, wala hakuna anayetoka katika onyesho la muziki akidai kuthibitishiwa jambo.

Wataalamu wetu wa kilimo walikwisha kulitatua tatizo hili kwa njia yao. Wao husema "shamba la mfano" na "shamba darasa". Mkulima hupelekwa shambani, si mara moja bali kwa msimu mzima, akaona mbegu ikipandwa katika udongo kama wake, ikipaliliwa kwa jembe kama lake, na mavuno yakipimwa mbele yake. Hakuna bwana shamba anayepeleka picha ya mahindi na kuiita shamba la mfano.

Kwa kufuata busara hiyo, tunapendekeza dhana hii igawanywe katika maneno matatu. "Udhihirisho" liwe ni kitendo cha bidhaa kufanya kazi yake mbele ya watu, nao wakiwa na nafasi ya kuijaribu kwa maswali yao. Otis alidhihirisha. "Onyesho" libaki kwa bidhaa ambayo ipo lakini inapitishwa katika njia iliyopangwa na mwenyewe. Steve Jobs alipoitambulisha simu ya iPhone tarehe 9 Januari 2007, simu alizokuwa nazo zilikuwa bado na kasoro nyingi na zilikuwa zikikwama, hata ikabidi hatua za kuzionyesha zifuatwe kwa mpangilio maalumu ulioepuka kasoro hizo. Lile lilikuwa onyesho. Mwezi Juni mwaka huo simu ilianza kuuzwa, na mnunuzi akaweza kuhakikisha mwenyewe aliyoyaona. Na "igizo" liwe ni kuiga kazi ambayo bidhaa bado haiwezi kuifanya. Igizo si kosa likiitwa igizo, kwani hata mchoraji wa nyumba huonyesha kijumba cha karatasi kabla ya msingi kuchimbwa. Ni kosa linapovaa kanzu ya udhihirisho.

Mfano mchungu wa kosa hilo ni wa kampuni ya Nikola ya Marekani. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilitoa filamu fupi ya lori lake likipita barabarani, na maneno ya Kiingereza yaliyoambatana na filamu hiyo yalisema kwamba lori liko "katika mwendo". Mwaka 2020 ikafichuka kwamba lori lilikuwa limevutwa hadi juu ya mteremko na kuachiwa lishuke. Kampuni ilijitetea kwa kusema kwamba haikuwahi kutamka kwamba lori lilikuwa likienda kwa nguvu zake lenyewe. Mwezi Oktoba 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani mwanzilishi wake, Trevor Milton, kwa kuwadanganya wawekezaji. Desemba 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 4, na Machi 2025 akapewa msamaha na Rais Donald Trump. Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuomba ulinzi wa sheria ya ufilisi Februari mwaka huo.

Tuyaache ya sheria, tuutazame utetezi ule kwa jicho la mfasiri. Utetezi mzima umening'inia katika neno moja lililochaguliwa kwa kuwa halisemi nani anayelisukuma lori. Mfasiri wa Kiswahili aliyepewa filamu ile angeweza kuandika "lori likiwa katika mwendo", naye angekuwa ameifasiri hila pamoja na neno. Angeandika "lori likitembea", angekuwa ameongeza uongo, maana kwetu gari linalotembea ni gari zima. Lakini lugha yetu inacho kitenzi cha tatu ambacho hakimwachi mtu na shaka, nacho ni kuserereka. Kitenzi kimoja sahihi kingeliweza kufanya kazi iliyowachukua wachunguzi zaidi ya miaka 2.

Hadithi au kisa?

Neno la pili linatutia wasiwasi zaidi. Vitabu vya kufundishia ujasiriamali vinamwambia kijana "asimulie hadithi ya bidhaa yake". Hii ni tafsiri sisisi. Kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba msimulizi akisema "hadithi, hadithi!", hadhira humjibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo huo ni halali kwa sababu umeruhusiwa na pande zote mbili tangu mwanzo. Mwekezaji au ofisa wa serikali hakuitikia hivyo alipoketi kikaoni. Kumwita aje kusikiliza hadithi ni kumwondolea msimulizi wajibu ambao hakuna aliyekubali aondolewe.

Kuna atakayetukumbusha kwamba neno hilo hilo hutumika kwa Hadithi za Mtume, ambazo hazina mzaha hata kidogo. Ni kweli, na pingamizi hilo linatusaidia. Hadithi ya namna hiyo haipokelewi bila sanadi, yaani mlolongo wa waliosikia na kupokezana hadi kwa aliyeshuhudia. Hicho ndicho hasa kinachokosekana katika masimulizi mengi ya kunadi bidhaa. Karani wa siku tatu alikuwa karani gani, wa masjala ipi, na nani aliyemwona?

Kwa hiyo tunapendekeza neno "kisa". Linataja tukio na papo hapo linataja sababu, kama tunavyosema "kisa na maana". Mwenye kunadi anahitaji yote mawili: jambo gani lilimpata mtu, na kwa nini kitu hiki kimetengenezwa. Tunajua kwamba mtu wa visa ni mkorofi, na kwamba visa vingine ni vya kubuni, lakini upungufu huo ni mdogo kuliko wa "hadithi".

Mfano wa kisa chenye sanadi upo karibu nasi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza kujaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wakopaji wadogo walipe mikopo yao kwa simu. Katika majaribio ikaonekana kwamba watu wale walikuwa wakitumiana fedha kwa mambo yao wenyewe. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, wito wake ulikuwa wa maneno machache tu: kutuma pesa nyumbani. Kila mfanyakazi wa mjini aliyewahi kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya mzazi wake alikijua kisa hicho kabla hajasimuliwa. Hakikubuniwa mezani. Kilitoka kwa watumiaji wenyewe.

Kampuni changa?

Neno la tatu tutaligusa kwa ufupi. "Kampuni changa" inataja umri peke yake. Kinyozi aliyefungua duka jana ana biashara changa, lakini hatafuti mwekezaji wa kumfikisha katika nchi kumi. Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator, aliandika mwaka 2012 kwamba kampuni za aina hii ni zile zilizoundwa ili zikue kwa kasi. Dhana ni ukuaji, wala si utoto. "Kampuni chipukizi" inalikaribia jambo hilo zaidi, kwa kuwa chipukizi ni kitu kilichokwisha kutoka ardhini na kinapanda, ingawa pia chaweza kunyauka. Zaidi ya hayo, "changa" humwombea mwenye kampuni huruma ambayo mnunuzi wa mali ya umma hana ruhusa ya kuitoa.

Hitimisho

Hatukuandika haya ili kuwakatisha tamaa vijana wanaobuni. Programu ya kompyuta si embe, haiwezi kujiuza ikiwa imelala mezani, na Waswahili hao hao waliotupa methali tuliyoanza nayo walisema pia kwamba biashara ni matangazo. Anayejua kudhihirisha na kusimulia anamfanyia mnunuzi hisani. Tunachokataa ni kumwacha mnunuzi na neno moja kwa mambo matatu, kisha tukamlaumu kwa kudanganyika.

Mfasiri basi, apatapo kijitabu cha kampuni ya namna hii, ajiulize kabla ya kuandika "onyesho" ni lipi kati ya matatu analolitaja. Mwalimu wa ujasiriamali amtake mwanafunzi wake alete kisa na mwenye kisa. Na katibu wa kikao aandike kilichotendeka: "Mfumo ulidhihirishwa kwa kufungua jalada lililotajwa na mjumbe", au "Mzabuni alitoa igizo, udhihirisho haujafanyika". Sentensi hii ya pili ni fupi, haimtukani mtu, na ingeliokoa fedha za ofisi ile tuliyoianza nayo. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa walio katika masjala na vyumba vya zabuni, tunawaomba watuandikie.