Semboja na Kalamu ya Abdallah bin Hemedi

Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi aanza na Mbega, mwindaji kigego aliyetoka Ngulu. Na hapo nathari yapaa kama ngano. Afikapo kwa Semboja, mwana wa Kimweri aliyefariki 1862, kalamu yakauka: vita, bunduki, hila. Semboja, mtoto wa ukoo wa wafalme wa mvua, alisilimu. Makao yake yakawa Mazinde, Korogwe, njiani mwa misafara, na kiti cha Vugha akampa mwanawe. Mwandishi, Mwislamu wa pwani, angeweza kumtukuza. Hakumtukuza, na uadilifu huo ni adimu. Lakini msomaji aliyezoea tenzi atauliza: sijida ya kwanza ya mwana wa mvua ilikuwaje? Kitabu chapita kimya.